Yadi Moja ya Kocha Milo Vavra

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Vavra na wa ukoo wa Sykora, majirani zetu wa Pruitt, na ninyi nyote mliokanyaga matope tangu asubuhi mpaka mmeuchafua ukumbi huu wa Wacheki ambao mama yetu aliupiga deki nusu ya maisha yake, mimi ni Lorna, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, kocha Milo Emil Vavra, tangu alipozaliwa hadi alipotutoka. Kabla sijaanza, mjue jambo moja. Juzi Jumanne nilipigiwa simu kutoka ofisi ya mkuu wa Chuo cha Ostrander, na sauti tamu kama asali ikaniomba niuruke mwaka 1993, ikaniambia, "Dada Lorna, tunakuelewa, lakini hii si siku ya kufukua makaburi," nami nikaijibu kwamba kaburi limeshachimbwa, liko kule juu kilimani, na yeyote anaweza kwenda kulitazama. Mwaka 1993 nitausoma, na nitausoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la wazazi wake, kaskazini mwa mji huu wa Pruitt, hapa Nebraska, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa mzee Emil Vavra na mkewe Albina, waliolima mahindi na kufuga nguruwe, na waliozungumza Kicheki nyumbani na Kiingereza sokoni. Bibi Albina alikuwa akitusimulia kwamba Milo alichelewa kutembea, alikaa chini muda mrefu akiwatazama wenzake, lakini siku aliponyanyuka alikwenda moja kwa moja hadi ukutani, akaugonga ukuta kwa paji la uso, akarudi nyuma, akaugonga tena, na sisi wanawe hatujawahi kuona sababu ya kuitilia shaka hadithi hiyo.

Alisoma shule ya msingi ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba lao, akaendelea na sekondari hapa Pruitt kuanzia mwaka 1952 hadi 1956, na Septemba mwaka huohuo akajiunga na Chuo cha Ostrander, ambako alisomea ualimu wa historia na kuhitimu mwaka 1960. Chuoni alicheza futiboli, hii yetu ya kubeba mpira mikononi na kugongana mabega, akiwa mtu wa katikati wa mstari wa mbele, yule anayeinama na kuutoa mpira katikati ya miguu yake, halafu anagongwa usoni kabla hajainuka. Alivunjika pua mara mbili, na magazeti ya miaka ile yote minne, ambayo Bibi Albina aliyatunza, hayakulitaja jina lake hata mara moja. Baba aliyasoma, akayakunja, na nadhani mambo yake mengi yaliyofuata yalianzia pale.

Baada ya kuhitimu alifundisha historia katika sekondari ya hapa mjini, na tarehe 15 Juni 1963, ndani ya ukumbi huu huu, alifunga ndoa na mama yetu, marehemu Darlene Sykora, ambaye wazee waliopo wanakumbuka kwamba alicheza polka usiku kucha na bwana harusi asiyejua kucheza, mtu aliyekwenda mbele tu, hana kuzunguka. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa 1965 na mdogo wangu Curtis aliyezaliwa 1968, na baadaye wajukuu watano, ambao wote wamekaa pale mbele na wote, kwa bahati mbaya au nzuri, wana shingo ya babu yao.

Mwaka 1966 aliitwa chuoni kuwa kocha msaidizi, na mwaka 1973 akawa kocha mkuu wa Ostrander, kazi aliyoifanya kwa misimu ishirini na moja, na hapa sina budi kueleza alichokiamini, kwa sababu kimesemwa vibaya na watu wengi ambao hawajawahi kuinama kwenye matope. Kila mtu hapa anajua kwamba timu hupewa majaribio manne ya kupata yadi kumi, na kwamba mpira unaweza kurushwa hewani au kukimbizwa ardhini. Baba aliukimbiza. Alisema ukipata yadi tatu na nusu, ukapata tena tatu na nusu, na tena tatu na nusu, yadi kumi umezipita na jaribio la nne hulihitaji hata kulifikiria, bandu bandu huisha gogo, na kwamba anayerusha kila mara ni mtu anayesubiri muujiza ilhali ana miguu. Mchezo alioupenda kuliko yote aliuita Nguvu Kulia, nao ulikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Mmoja wa mstari wa mbele upande wa kushoto huacha nafasi yake, hupita mbio nyuma ya migongo ya wenzake, hutokea kulia na kufungua njia, na mbebaji humfuata huku mkono wake usio na mpira ukiwa mgongoni mwa huyo mtangulizi. Mkono huo mgongoni Baba alikuwa mkali nao kuliko kitu kingine chochote. Mbebaji akimpita mtangulizi wake kwa papara za kutaka sifa, Baba alimtoa uwanjani, akamkalisha kando yake na kumwambia, "Wewe huoni, kijana. Yeye ndiye macho yako. Ukimwacha, unakimbia gizani."

Hakuuficha mchezo wake hata kidogo. Kocha wa Chuo cha Larrabee, mahasimu wetu, alikuwa na desturi ya kumpigia simu kila mwaka wiki ya mechi, na mimi nikiwa mezani nikifanya kazi za shule nilimsikia Baba akisema, "Nitakwenda kulia. Ukinizuia, nitakwenda kulia tena, na kipindi cha nne vijana wako watakuwa wamechoka kunizuia." Halafu akakata simu na kuendelea kumenya viazi.

Kila Alhamisi jioni alileta timu nyumbani, na Mama alipika nyama ya nguruwe ya kuoka, madonge ya unga na kabichi iliyochachushwa, na mikate ya kolache yenye plamu kwa sinia. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, waliomo kwenye mstari wa mbele wanakula kwanza na wanakula mpaka waseme basi, na anayewapakulia ni mrushaji na wabebaji, wale wenye picha magazetini, ambao pia waliosha vyombo. Aliyefunga siku ya mechi hakuruhusiwa kurukaruka wala kucheza ngoma, alitakiwa kuupeleka mpira mkononi mwa mmoja wa waliomfungulia njia. Waliolalamika walijibiwa na Mama, na Mama hakuwa na subira kama Baba.

Wapo waliomcheka. Waliandika gazetini kwamba Ostrander inacheza kana kwamba inalima viazi, naye alilikata gazeti hilo na kulibandika mlangoni mwa ofisi yake. Bwana Harlan Whitcomb, mwenyekiti wa bodi ya chuo wakati huo, alimkuta kwa kinyozi mbele ya watu na kumtania, "Kocha, hewa ni bure, mbona huitumii?" Baba akasema, huku povu likiwa shavuni, "Hewa ni ya ndege, Bwana Harlan. Sisi baba zetu walikuja huku kwa ajili ya ardhi." Watu walicheka sana, na Bwana Harlan naye alicheka, lakini nadhani siku ile alihifadhi kitu moyoni.

Sasa ninafika mwaka 1993.

Tarehe 13 Novemba mwaka huo, Jumamosi, Ostrander ilicheza na Larrabee hapa nyumbani kuwania ubingwa, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima kama ilivyonyesha wiki hii. Tulikuwa na mrushaji aliyeitwa Trent Colby, kijana mwenye mkono wa ajabu, na bodi ilikuwa imewaalika watu wa timu za kulipwa waje wamtazame, kwa sababu chuo kilitaka jina. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne, jaribio la nne, na yadi moja tu kufika mstari wa goli. Yadi moja, waombolezaji, hatua moja ya mtu mzima. Bwana Harlan alishuka kutoka jukwaani na koti lake zuri, akasimama kwenye tope kando ya Baba, akamwambia, "Milo, mwache Colby arushe." Baba aliendelea kuutazama mstari wa goli. Bwana Harlan akamwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Milo." Baba akasema, "Guu ni langu," kisha akamtuma mchezaji aingie na maneno mawili, Nguvu Kulia.

Mtangulizi siku ile alikuwa Gaylen Rask, kijana wa mwaka wa tatu, mtoto wa fundi wa matrekta, ambaye msimu mzima hakuwa amekosea. Aliondoka nafasi yake sawasawa, akapita nyuma ya wenzake sawasawa, na alipogeuka kupanda kulia mguu ukamponyoka, goti likazama kwenye tope, njia ikajifunga, na mbebaji aliyekuwa na mkono mgongoni mwake akaanguka juu yake. Waamuzi walipowaondoa watu mmoja mmoja, mpira ulikuwa umebakiza upana wa kiganja. Kipenga kikapigwa na mechi ikaisha, nami nilikuwa jukwaani na Mama, na nilisikia watu waliokula mezani kwetu wakimzomea baba yangu.

Jumatatu bodi ilimwita. Walimpa njia ya kubaki kazini, wala haikuwa ngumu, atamke mbele ya waandishi kwamba alikosea kuuchagua mchezo ule, au kama hilo linamshinda, aseme kwamba Rask ndiye aliyeshindwa kazi yake, na vyovyote vile amwachie kocha mwingine mpango wa kushambulia, mtu anayejua kurusha. Mmoja wa wajumbe alimwambia kwa upole, "Ni sentensi moja tu, Kocha. Sema, ulale nyumbani na kazi yako." Baba akawajibu hivi, na maneno haya nimeyapata kwa mjumbe mwenyewe kabla hajafariki, "Nimewaambia vijana wale miaka yote kwamba siku ngumu nitawategemea wao. Siku ngumu imekuja, nikawategemea. Sasa mnataka niseme kuwategemea kulikuwa kosa? Hiyo sentensi tafuteni mtu mwingine wa kuisema."

Jumatano walimfukuza. Alirudi nyumbani na sanduku moja la vitu vyake, lile gazeti la viazi likiwa juu, na Mama alimuuliza swali moja tu, "Umewaomba radhi?" Akasema, "Hapana." Mama akasema, "Basi kaa ule."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na ingawa hakuwa tena kocha wa mtu yeyote, nyama iliingia ndani ya oveni kama kawaida, na vijana wa mstari wa mbele wakaja, wengine hawakujua waweke wapi mikono yao. Gaylen alifika mwisho, akasimama nje kwenye ngazi, akakataa kuingia, alikuwa akilia. Baba alikwenda na sahani mkononi, mlango ukiwa wazi sisi wote tukisikia, akamwambia, "Rask, uliteleza ukiwa unakwenda pale nilipokutuma. Aliyesimama salama siku ile ni nani? Ni wale waliokuwa juu jukwaani. Ingia ule, chakula kinapoa." Akaingia, na yeye ndiye aliyekula kwanza.

Kuanzia mwaka 1994 hadi 2009 marehemu alifundisha historia na futiboli katika sekondari ya Burr Fork, shule ndogo ambayo hata wachezaji wa kutosha haikuwa nao, ikicheza ule mchezo wa watu wanane wanane, na Gaylen, alipomaliza chuo na kufungua gereji ya kuchomelea vyuma, alikwenda naye kila alasiri kuwafundisha wa mstari wa mbele bila mshahara. Sitawadanganya kwamba walichukua ubingwa, hawakuchukua. Walikwenda kulia. Walishinda nyingi na kupoteza nyingi, na kule Burr Fork hadi leo anayefunga anaupeleka mpira kwa aliyemfungulia njia, na hakuna anayekumbuka desturi hiyo ilitoka wapi. Ostrander nao wakaanza kurusha, wamebadilisha makocha mara kadhaa tangu hapo, na ubingwa ule bado wanausubiri udondoke kutoka angani.

Mwaka 2012 mama yetu alifariki, na Baba aliendelea kupika Alhamisi, vibaya. Mwaka 2015 alianza kutetemeka mkono wa kushoto, madaktari wakagundua ugonjwa wa Parkinson, na kidogokidogo ukamfuata hadi miguuni, mahali ambapo ulijua ungemuumiza. Aliletewa kiti cha magurudumu, akakitumia kuwekea magazeti. Kila siku Gaylen alikuja baada ya kazi, akasimama mbele yake, Baba akaweka mkono mgongoni mwa Gaylen, na wakatoka hivyo, mtangulizi na mbebaji, mpaka kwenye sanduku la barua barabarani na kurudi. Miguu ikigoma njiani, kama ugonjwa ule unavyofanya, Gaylen hakumvuta, alisubiri tu, na Baba alikuwa akimwambia, "Usigeuke kuniangalia, Rask. Angalia mbele." Kuna siku walichukua alasiri nzima, na niliwatazama dirishani nikamkasirikia Mungu, lazima niseme, nilimkasirikia sana.

Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023, alasiri, akiwa kitandani nyumbani kwake, redio ikitangaza mechi ya Ostrander, timu ilifika karibu kabisa na goli na ikarusha, mpira ukaanguka, ikarusha tena, ukaanguka, na ilipojiandaa kurusha mara ya tatu Baba alifumbua macho akasema, "Zima hiyo." Nikaizima. Hilo ndilo neno lake la mwisho, na baada ya muda mfupi, mimi nikiwa nimeshika mkono mmoja na Curtis mwingine, alitutoka akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa Dakta Nambiar na wauguzi waliokuja nyumbani bila kuchoka na ukali wake, kwa majirani zetu mliozoa theluji mlangoni pake misimu yote hii, kwa akina mama wa ukumbi mliooka kolache tangu jana, na kwa walimu wenzake na wanafunzi wa Burr Fork mliofunga shule leo. Chuo cha Ostrander tunakishukuru kwa shada la maua, ambalo ni kubwa. Kuhusu pendekezo lenu kwamba jina la Baba liwekwe kwenye lile jengo jipya la kufanyia mazoezi ya kurusha mpira, familia imekaa, imejadili kwa muda unaotosha kunywa kikombe kimoja cha kahawa, na jibu ni hapana. Bwana Harlan Whitcomb, nakuona safu ya pili, na hali yako ya afya naijua, hukulazimishwa kuja. Baba alisema utakuja. Chakula kipo na kiti chako kipo, ila utaratibu wa nyumba unaujua, wa mstari wa mbele watatangulia.

Neno la mwisho linahusu safari yenyewe. Watu wa mazishi wameleta gari, na wamenieleza kwa adabu kwamba barabara ya makaburini ni kilima kitupu na leo ni tope, na kwamba hakuna anayebeba jeneza kwa miguu siku hizi. Baba aliacha maagizo kwamba asipande gari. Atabebwa na watu sita, watano ni wa mstari wa mbele wa mwaka 1993, wote watano wamefika, mmoja kwa ndege, na wa sita ni mwanawe Curtis, lakini mmoja wa hao watano, Gaylen Rask, atatembea mbele yao bila kubeba kitu, kwa sababu wenzake wanne wamekubaliana kumweka mtoto wake mkubwa kwenye nafasi yake ili yeye afanye kazi yake ya zamani. Tutatoka kwa mlango wa kulia. Asubuhi ya leo Gaylen alinifuata jikoni, kofia mkononi, mtu mzima mwenye wajukuu, akaniuliza, "Lorna, nikiteleza tena je?"

Nikamwambia atainuka, na sisi tutasimama nyuma yake mpaka ainuke, kisha tutaendelea, kwa sababu leo hakuna mwenye kipenga.

Gaylen, tangulia. Baba, pumzika, mkono wako uko mgongoni mwake.